Momiji uliogoma kutoa mizizi: kisa cha Deshojo mmoja kwa misimu minne

Usuli

Mti wa kisa hiki ni ule wenye majani ya vidole ambao Wajapani huuita momiji na wanabotania Acer palmatum. Aina yake ni Deshojo. Watu huupendea majani yake ya kwanza ya mwaka, ambayo hutoka mekundu ya damu mwishoni mwa Machi au Aprili, kisha yanapoa taratibu na kufikia kiangazi yameshakuwa ya kijani. Mbegu zake hazirithi sura hiyo. Ndiyo maana Deshojo nyingi zinazouzwa Ulaya zimebebeshwa: kikonyo cha Deshojo juu ya shina la momiji wa kawaida uliooteshwa kwa mbegu.

Aliyewahi kubebesha mwembe au mchungwa anajua kuwa pale penye kiungo hubaki nundu. Mwenye mwembe haimsumbui, yeye anatafuta embe. Kwenye bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo chunguni kwa ajili ya kutazamwa, jicho la mtazamaji linaanzia pale shina linapokutana na udongo, na nundu ya kubebesha iliyokaa kimo cha nusu shubiri hapo ni kasoro ambayo hakuna tawi zuri litakaloifidia.

Mwenye mti ni mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi kusini mwa Uingereza, sehemu ambayo jalidi inaweza kuanguka hata mwishoni mwa Aprili. Alikuwa na uzoefu wa miaka michache wa miti ya vyunguni, lakini hakuwahi kuotesha mizizi mipya kwenye shina nene. Jina lake, mji wake na aliyemuuzia mti vimeachwa nje.

Vipimo vya mti siku uliponunuliwa: urefu 110 cm, nundu ya kubebesha 11 cm juu ya udongo, unene wa shina juu ya nundu 3.2 cm, na penye nundu yenyewe 4.5 cm. Chini ya kiungo gome lilikuwa la kijivu lenye mipasuko. Juu yake laini, la kijani lililochanganyika na hudhurungi. Hata mtu asiyejua miti angeona kuwa hapo ni miti miwili. Tawi la kwanza lenye maana lilikuwa 13 cm juu ya nundu.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuifukia nundu kwa udongo, ambayo ni kuficha takataka chini ya mkeka, kwani shina la mti huu likikaa ndani ya udongo mbichi bila mizizi huishia kuoza gome. Ya pili, kuacha nundu na kungoja gome la juu lizeeke lifanane na la chini. Hilo huchukua miaka mingi na mara nyingi halitokei. Ya tatu ni toriki, yaani kumenya pete ya gome juu ya nundu, kuifunga kwa kuvumwani yenye unyevu mpaka mizizi ichomoze, kisha kukata mti chini ya mizizi hiyo. Alichagua toriki, na uchaguzi huo ulikuwa sahihi. Yaliyoharibika yote yalitokana na utekelezaji.

Kilichotokea

Mwaka wa kwanza, Machi, mti haukuguswa mizizi. Aliuacha kwenye chungu cha muuzaji, akaulisha mbolea ya chenga kuanzia majani yalipokomaa, ili uingie kwenye toriki ukiwa na nguvu.

Juni katikati alimenya pete. Alitumia kisu kikali, akachora duara mbili zilizoachana 2 cm, akabandua gome lililo katikati. Mti uliobaki, yaani sehemu ngumu iliyo chini ya gome, ulikuwa mweupe na unang'aa, naye akaona kazi imekwisha. Akapaka unga wa homoni ya kuotesha mizizi kwenye ukingo wa juu, akazungushia kuvumwani ndefu ya sfagnamu iliyolowekwa, akafunga kwa plastiki inayoonyesha ndani na juu yake mfuko mweusi. Chini ya nundu palikuwa na kichipukizi kimoja cha kijani cha lile shina la mbegu. Alikusudia kukikata, akasahau.

Wiki tisa baadaye mti ulikuwa na afya kuliko siku ulipofungwa. Hiyo peke yake ingetosha kumtia shaka. Alipofungua hapakuwa na mzizi hata mmoja. Ukingo wa juu ulikuwa umevimba na kutoa tishu nyeupe za kovu, na upande wa kaskazini tishu hizo zilikuwa zimeshuka na kuvuka pete nzima, daraja lenye upana wa 4 mm likiunganisha gome la juu na la chini. Uzi mwembamba tu wa gome, lakini ulitosha kupitisha sukari ya majani kwenda kwenye mizizi ya zamani.

Hapo, katikati ya Agosti, alikwangua daraja, akapaka homoni upya na kufunga tena. Kufikia Oktoba vilichomoza vinundu vyeupe vya mizizi, kirefu kuliko vyote 1 cm. Aliuacha mti nje na kifurushi chake, akakizungushia plastiki ya mapovu. Januari zilikuja siku tatu za baridi ya nyuzi -6 za Selsiasi. Kifurushi kilichoning'inia hewani hakina joto la ardhi la kukisaidia. Kuvumwani iliganda ikawa jiwe, na Machi vinundu vyote vilikuwa vyeusi na laini.

Cha ajabu ni kwamba mti haukufa. Tutarudi kwenye hilo.

Mwaka wa pili alingoja majani ya kwanza yakomae, yaani yaache ulaini na kuanza kuvunjika yakikunjwa, ikawa wiki ya mwisho ya Mei. Safari hii ukingo wa juu aliupandisha 1.5 cm apate gome ambalo halijaguswa, na pete ikawa na upana wa 5 cm. Baada ya kubandua gome alikwangua mti kwa makali ya kisu pande zote. Kipimo cha hatua hii ni ukucha: ukiupitisha juu ya mti uliomenywa ukateleza kama kwenye sabuni iliyolowa, kambiamu, yaani tabaka jembamba la seli hai kati ya gome na mti, bado ipo, endelea kukwangua mpaka ukucha ukwaruze na mti uwe mkavu. Kisha alifuta kwa kitambaa, akauacha wazi robo saa, ndipo akapaka homoni ukingo wa juu peke yake.

Kuvumwani ililowekwa usiku kucha, ikakamuliwa kwa viganja mpaka matone yakome. Kifurushi kilikuwa na ukubwa wa nazi iliyofuliwa, kuvumwani ikiwa na unene wa 3 cm kila upande. Plastiki ilifungwa chini kwa nguvu na juu kwa kulegeza kidogo, ili maji yaongezwe kwa bomba la sindano bila kufungua. Juu yake, mfuko mweusi kama mwanzo.

Wiki ya nne zilionekana nukta nyeupe. Wiki ya saba mizizi ya 3 hadi 4 cm ilikuwa imegusa plastiki. Hakukata. Alisubiri hadi wiki ya kumi na tatu, mwisho wa Agosti, mizizi ilipogeuka ya hudhurungi na kutoa vijizizi vya pembeni.

Siku ya kukata alipitisha msumeno ndani ya pete, akaacha kisiki cha 1 cm chini ya mizizi. Hakuondoa kuvumwani yote. Alilegeza nyuzi za nje tu, kwa sababu mizizi michanga ya momiji hukatika kama tambi zilizoiva. Mti ulipandwa kwenye chungu cha plastiki cha upana wa 22 cm na kina cha 9 cm, kwa mchanganyiko wa akadama na pumisi nusu kwa nusu. (Akadama ni udongo mwekundu wa volkano unaochimbwa Japani katika eneo la Kanto, pumisi ni lile jiwe jepesi linaloelea majini.) Chenga zilichujwa zibaki za 2 hadi 5 mm na vumbi likatupwa. Shina lilifungwa kwa waya wa alumini wa 2 mm kupitia matundu ya chungu, na juu likashikizwa kwa vijiti viwili vya mwanzi. Urefu wa mti ulipunguzwa kwa theluthi moja siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kwanza ulikaa kivulini pasipo upepo.

Majani yalipukutika Novemba kama kawaida. Kwa kuikumbuka ile Januari, mwenye mti aliuhamishia kwenye kibanda cha bustani kisicho na moto, akauweka karibu na dirisha.

Dirisha hilo lilielekea kusini. Februari, siku za jua, kipimajoto kilisoma 14 hadi 17 saa sita mchana. Macho ya mti, yaani vitumba vya majani, yakavimba. Tarehe 5 Machi majani yalikuwa yamefunguka, mekundu na mazuri, yakiwa yamewahi kwa karibu mwezi mzima. Majani yaliyofunguka yanataka mwanga, na kibandani mwanga haukutosha. Vikonyo vikaanza kurefuka na kulegea. Wiki ya kwanza ya Aprili akautoa nje. Usiku wa tatu kukawa -3. Asubuhi majani yote yalikuwa yananing'inia, mekundu yaliyoiva vibaya, mfano wa mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto.

Maamuzi baada ya jalidi

Kishawishi cha kwanza kilikuwa kukata kila kilichoonekana kimekufa. Cha pili, kumwaga mbolea ili mti "upate nguvu". Alijizuia vyote viwili, na sababu zake zinafaa kuelezwa.

Kukata mapema ni kubahatisha. Tawi la momiji likipigwa na jalidi hufa kuanzia nchani kurudi nyuma, na mpaka wa kifo haujulikani kwa wiki kadhaa. Alikwaruza gome kwa ukucha kila baada ya wiki mbili: kijani chini ya gome, tawi limo, hudhurungi, limekwenda. Mkasi aliutumia Juni, baada ya mpaka huo wa kifo kuwa wazi.

Mbolea nayo haina wa kuitumia mti usipokuwa na majani. Chumvi zake hubaki kwenye udongo na kuunguza mizizi michanga. Maji pia aliyapunguza. Mti wenye majani unakunywa. Mti uliovuliwa hunywa kidogo mno, na ukiendelea kuumwagilia kila asubuhi kwa mazoea, udongo hukaa chepechepe na mizizi huoza. Alikuwa akiinua chungu kwa mkono kupima uzito kabla ya kumwagilia.

Wiki ya tano macho yaliyolala yalianza kuamka kwenye shina na kwenye mashina ya matawi.

Matokeo

Matawi mawili yalikufa, mojawapo likiwa lile la kwanza upande wa kushoto, ambalo lilikuwa sababu kubwa ya kuchagua kimo kile cha pete. Mti wenyewe ulipona. Ukiacha matawi yaliyokufa na vikonyo vichache vilivyochukuliwa Juni, kiangazi chote cha mwaka wa tatu haukupogolewa wala kuvuliwa majani, uliachwa ukimbie.

Mwaka wa nne, Machi, macho yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka, ulitolewa chunguni. Mizizi ilichanuliwa kwa kijiti, iliyoelekea chini ikakatwa, kile kisiki cha 1 cm kikatolewa kwa koleo la kukata kwa ndani, na mti ukakalishwa juu ya kibao bapa ili mizizi isiwe na njia ila kwenda pembeni. Nebari, yaani mtandao wa mizizi unaoonekana juu ya udongo, ilikuwa imetanuka kufikia 8 cm. Ila haikuzunguka shina lote. Upande wa kusini-magharibi palikuwa na pengo, kama robo ya duara, pasipo na mzizi hata mmoja.

Shina la chini, lile la mbegu, lilibaki na chungu chake na nundu yake. Kichipukizi chake cha kijani sasa ni mti wa pili, momiji wa kawaida mwenye mizizi mizuri ajabu.

Uchambuzi

Tuanze na pete, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Maji hupanda kutoka mizizini kwa njia ya zailemu, ambayo ni mti wenyewe. Sukari na homoni za majani hushuka kwa floemu, ambayo iko ndani ya gome. Ukiondoa gome pete nzima, maji yanaendelea kupanda na majani hayanyauki, lakini kinachoshuka kinagonga ukingo wa juu na kurundikana hapo. Mrundikano huo ndio unaozaa mizizi. Unyevu wa kuvumwani unaikaribisha tu.

Kwa hiyo daraja la 4 mm halikuwa dosari ndogo. Lilikuwa mlango wazi. Sukari ikipata pa kupita, mti hauna sababu ya kutengeneza mizizi mipya. Kanuni ya kawaida ni pete yenye upana wa mara moja na nusu hadi mbili ya unene wa shina. Shina la 3.2 cm lilitaka angalau 4.8 cm, na likapewa 2. Lakini upana peke yake usingeokoa jaribio la kwanza, kwa sababu kambiamu iliachwa. Ile rangi nyeupe inayong'aa ndiyo ilikuwa kambiamu yenyewe! Seli zake zikibaki hai kwenye mti uliomenywa hujenga gome jipya papo hapo, hata katikati ya pete.

Dalili ya kusoma ilikuwa wazi tangu wiki ya saba: vichipukizi virefu, na kwenye plastiki hakuna cheupe. Mti uliomenywa sawasawa hupunguza mwendo wa kukua, na Deshojo mara nyingine huonyesha wekundu wa mapema kwenye majani yaliyo juu ya pete, kwa kuwa sukari imerundikana. Ukiona toriki yako inastawi kupita miti mingine uani, fungua uitazame.

Kukwangua daraja katikati ya Agosti lilikuwa kosa la pili. Mti ulikuwa na wiki nane tu za joto mbele yake, na mizizi ya toriki ilihitaji kumi na tatu. Afadhali angeliacha daraja lile liilishe mizizi ya zamani mpaka Mei. Badala yake, kuanzia Agosti hadi Mei, mizizi ya chini haikupata chochote kutoka juu, na hapo ndipo kile kichipukizi kilichosahauliwa kinaingia. Majani yake machache, chini ya pete, ndiyo yaliyokuwa yakiilisha. Bila hicho, mizizi ingeishi kwa akiba, na akiba ikiisha mti mzima unakauka majira ya kuchipua, juu na chini. Ulikuwa uzembe uliozaa heri. Sasa tungemshauri mtu yeyote anayefanya toriki juu ya kiungo cha kubebesha aache kichipukizi kimoja au viwili chini kwa makusudi, mpaka siku ya msumeno.

Kusubiri kutoka wiki ya saba hadi ya kumi na tatu kulikuwa uamuzi bora wa kisa kizima. Mizizi myeupe inaonekana mingi ikiwa imebanwa kwenye plastiki, lakini haina matawi na haiwezi kulisha mti wa mita moja. Kupunguza urefu kwa theluthi siku ya kukata kunaweza kubishaniwa. Wapo wasemao kila jani liachwe kwa kuwa ndilo linalojenga mizizi. Kwa mti mrefu ndani ya chungu cha kina cha 9 cm, tunaona upunguzwe, maana upepo ukiutikisa mara moja, mizizi iliyoshika hukatika yote, na hilo ni baya kuliko majani yaliyopotea.

Pengo la nebari lilitokana na ule mfuko mweusi. Upande wa kusini-magharibi ndio unaopigwa na jua la mchana; plastiki nyeusi ilipata moto, kuvumwani ya upande huo ikakauka tena na tena, na maji ya bomba la sindano yalifuata upande uliokuwa na unyevu tayari. Karatasi ya alumini ya jikoni, upande unaong'aa ukiwa nje, ingeirudisha nuru na joto. Tena inafunguka na kufungwa kwa sekunde, hivyo mtu hukagua bila uvivu.

Kibanda ndicho kilichomghururi zaidi. Alijifunza kutoka Januari ya kwanza kuwa baridi inaua, akaikimbia kupita kiasi. Momiji unahitaji usingizi wa baridi. Ndiyo maana huwezi kuufuga Dar es Salaam ukatarajia mazuri. Lakini ukishalala muda wake wa kutosha, kufikia Februari, kinachouzuia kuamka ni baridi tu. Joto la mchana la 15 linauambia majira yamefika, na majani yakishafunguka hakuna njia ya kuyarudisha. Macho yaliyofungwa yangeivumilia -3 ya Aprili bila tabu. Majani laini hayaivumilii hata usiku mmoja. Mti uliokatwa toriki mwaka huo unataka mahali penye kivuli penye nyuzi 0 hadi 7, ukuta wa kaskazini wa kibanda kile kile ungetosha, na mapema Machi utolewe nje ukiwa bado umelala. Ukishawahi kuamka, unabebwa: mchana nje, usiku ndani, kila siku, mpaka jalidi ya mwisho ipite.

Pengo linazibwa sasa. Juni ya mwaka wa tatu vilikatwa vikonyo laini kumi na viwili vya Deshojo huyo huyo, vikapandwa kwenye pelaiti, zile chenga nyeupe nyepesi za kuoteshea, chini ya plastiki. Vinne vilitoa mizizi. Machi ya mwaka wa nne viwili kati ya hivyo vilipandwa kwenye pengo, vikiegemea shina. Kila kimoja kilichongewa mfereji kwenye gome, sentimita moja juu ya usawa wa udongo, ubavu wake ukamenywa kidogo ili kambiamu zikutane, kikabanwa kwa msumari mwembamba na kupakwa malhamu ya kuziba vidonda vya mti. Vitaachwa virefuke huru angalau misimu miwili. Vikishanenepa chini ya kiungo kuliko juu yake, ndipo sehemu ya juu itakatwa na mizizi kubaki mali ya mti.